Namna ya Kupanga Ratiba ya Ligi ya Kikapu Kanda ya Ziwa Bila Safari Kumaliza Fedha za Klabu

Klabu nyingi huanza kuhangaikia gharama za safari siku ile meneja anapokwenda kuulizia bei ya kukodi Coaster, na kwa kawaida siku hiyo huwa wamechelewa. Gharama zilikwisha kupangwa miezi mitatu nyuma, pale kamati ya ratiba ilipokaa mezani na kuandika kwamba timu ya Mwanza itacheza Musoma Jumamosi hii, irudi nyumbani, kisha iende Bunda Jumamosi ijayo, ilhali Bunda iko katika barabara ileile ya kwenda Musoma. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya makatibu wa ligi na mameneja wa timu wa mikoa inayolizunguka Ziwa Victoria, wanaotaka kuendesha ligi ya kulipwa ambamo mchezaji ana mkataba, mwamuzi ana posho, na timu mgeni inafika uwanjani kabla ya filimbi.

Hesabu safari na usiku wa kulala kabla ya kuhesabu mechi

Tuchukue ligi ya karatasini yenye timu 8: mbili za jijini Mwanza, na moja moja kutoka Musoma, Bunda, Shinyanga, Kahama, Geita na Bukoba. Zikikutana nyumbani na ugenini, jumla ni mechi 56, na kila timu inacheza mechi 14, zikiwamo 7 za ugenini. Ukiipanga ratiba kwa mtindo uliozoeleka wa mechi moja kila mwisho wa wiki, unazitaka timu za nje ya Mwanza zitoke mara 7 kila moja, na zile za Mwanza mara 6, kwa kuwa moja kati ya mechi zao za ugenini inachezwa katika jiji lao wenyewe. Kamati nyingi huiangalia hesabu hii, zikaona mechi zimegawanywa kwa haki, zikaridhika. Mhasibu wa klabu, ambaye mara nyingi haalikwi kwenye kikao hicho, angeona kitu kingine kabisa: mara 7 za kukodi gari, na walau mara 5 za kulaza watu 16.

Njia ya kupunguza safari hizo bila kupunguza mechi ni kuzifunga timu katika jozi za majirani. Mwanza na Mwanza ni jozi moja, Musoma na Bunda ya pili, Shinyanga na Kahama ya tatu, Geita na Bukoba ya nne. Mwisho wa wiki mmoja, jozi nzima inaitembelea jozi nyingine: Jumamosi timu ya kwanza ya Mwanza inacheza Bunda na ya pili inacheza Musoma, Jumapili zinabadilishana. Kila jozi inakutana na jozi tatu, nyumbani na ugenini, kwa hiyo unahitaji miisho ya wiki 6, na kila mmoja unabeba mechi 8, jumla 48. Zinazobaki ni mechi za ndani ya jozi, mbili kwa kila jozi, yaani 8, ambazo zinaweza kuchezwa katikati ya wiki kwa sababu majirani hawana safari ndefu. Idadi inatimia 56 ileile, lakini timu iliyokuwa isafiri mara 7 sasa inasafiri mara 3 za mbali na mara 1 ya jirani.

Wachezaji watalalamika kucheza siku mbili mfululizo, na wana haki ya kulalamika. Ndiyo maana ni lazima kanuni ziruhusu kikosi kamili cha wachezaji 12 kusafiri, na makocha waache tabia ya kuwachosha watano walewale Jumamosi wakati wanajua Jumapili ipo. Hata NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, yenye ndege za kukodi na madaktari wa kila aina, katika msimu wa 2020–21 wa mechi 72 kwa kila timu ilianza kuipangia timu mgeni mechi mbili mfululizo katika mji uleule ili kupunguza safari. Kama wao wameona faida yake, sisi wa kubanana kwenye Coaster hatuna sababu ya kuionea aibu.

Bukoba haikubali jozi kirahisi

Mpango huu una ufa mmoja, na afadhali kamati iuone mapema. Kutoka Shinyanga hadi Kahama, au Bunda hadi Musoma, timu inaweza kuhama jioni baada ya mechi na kulala inakokwenda. Kutoka Geita hadi Bukoba ni takribani kilomita 300, na kumtaka mchezaji amalize mechi Geita saa 12 jioni kisha awe uwanjani Bukoba kesho yake mchana ni kumtafutia majeraha. Kwa jozi hii, panga siku tatu badala ya mbili, na Jumamosi iwe ya kusafiri.

Kwa timu za Mwanza, meli hufungua njia nyingine. Inayoondoka Mwanza jioni hufika Bukoba asubuhi, kwa hiyo msafara unalala majini na gharama ya usiku mmoja wa gesti inaondoka. Kama siku ya meli inaruhusu, timu inaweza kupanda Alhamisi jioni, ikacheza Bukoba Ijumaa jioni baada ya kupumzika mchana kutwa, ikasafiri Jumamosi kwa basi la abiria hadi Geita, ikacheza huko Jumapili, kisha ikarejea Mwanza jioni hiyohiyo kwa kupitia daraja. Timu mwenza inakwenda kinyume: Geita kwanza, Bukoba baadaye. Hapa kuna jambo ambalo waandaaji hulisahau, nalo ni kwamba ratiba ya meli haiandikwi kwa ajili ya kikapu. Ulizia bandarini siku za safari kabla hujaandika tarehe ya mechi, ulizia tena wiki moja kabla ya safari, na uwe na mpango wa barabara mfukoni iwapo chombo kitakuwa matengenezoni. Ukipata meli, walipie wachezaji vyumba vya kulala. Fedha unayookoa kwa kuwakalisha kwenye mabenchi usiku kucha utaiona kesho yake jioni katika robo ya nne.

Daraja la J. P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa takribani kilomita 3 na lililofunguliwa Juni 2025, limebadilisha hesabu zote za upande wa magharibi. Enzi za kivuko, meneja makini alikuwa anaongeza saa mbili au tatu za foleni kwenye kila safari ya Geita, na bado hakuwa na uhakika. Nakumbuka msafara mmoja uliokaa Kigongo tangu asubuhi, wachezaji wakala mahindi ya kuchoma mpaka wakachoka, na walipofika uwanjani waamuzi walikuwa wamekwisha kujaza karatasi. Leo ng'ambo ni mwendo wa dakika chache. Hata hivyo nimeona ratiba ambazo bado zinaitendea Geita kama safari ya kulala, wakati ni kilomita 120 hivi kutoka Mwanza na timu inaweza kwenda na kurudi siku moja. Kamati inayonakili ratiba ya msimu uliopita bila kuipitia upya inazilipisha klabu usiku wa bure.

Mtindo wa kituo kimoja

Zipo ligi ambazo hazina fedha hata za safari tatu za mbali. Kwa hizo, kukusanya timu zote mahali pamoja kwa siku kadhaa kunaweza kuwa suluhisho. BAL, ligi ya klabu za Afrika, ilichezwa yote Kigali mwaka 2021, na mwaka uliofuata timu zake 12 ziligawanywa katika makundi mawili ya timu 6, moja Dakar na jingine Cairo, kabla ya timu 8 kukutana Kigali kwa hatua ya mwisho. Maana yake ni kwamba hata ligi ya bara zima iliona ni nafuu timu kwenda mahali pamoja kuliko kutembeleana.

Ukiwa na timu 8, mzunguko mmoja wa mechi 28 unaweza kuchezwa kituoni kwa siku 7, mechi 4 kila siku, kila timu ikicheza kila siku. Hilo ni kali mno kwa miili. Ongeza siku mbili za mapumziko, na uhesabu usiku wa ziada wa kulaza timu za wageni, maana hapo ndipo akiba ya nauli inapoliwa na gesti. Kituo kinafaa pale safari ni ndefu na malazi ni ya bei nafuu, kwa mfano kwenye mabweni ya chuo wakati wa likizo. Kasoro yake kubwa ni viingilio: mashabiki wa Musoma hawatapanda basi kwenda kuitazama timu yao Mwanza siku ya Jumanne, na klabu ya kulipwa isiyocheza nyumbani haina cha kumwonyesha mfadhili wake. Ushauri wangu ni kukitumia kituo kwa hatua ya mwisho tu, na msimu wa kawaida uende kwa jozi.

Tarehe zilizofungwa na saa za kuanza

Kabla ya kuandika mechi hata moja, chukua kalenda na ufute siku zisizofaa. Juni na Desemba shule zinapofungwa, na Januari zinapofunguliwa, mabasi hujaa na nafasi 16 katika gari moja hazipatikani kirahisi. Karibu na Nanenane, viwanja vya maonyesho vya Nyamhongolo huvuta watu kutoka mikoa jirani, kwa hiyo wageni wanaokuja Mwanza waweke nafasi za gesti mapema. Sikukuu za Idi hufuata kuandama kwa mwezi, hivyo acha siku mbili wazi badala ya moja. Katika Ramadhani, usimpangie mchezaji aliyefunga mechi ya saa 9 alasiri baada ya safari ya saa nne. Kama uwanja una taa, cheza baada ya futari, na kama hauna, wape wenyeji waliofunga mechi za nyumbani ili wasisafiri. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba hugusa viwanja vya wazi, ambavyo ndivyo vingi tulivyonavyo.

Mechi ya dakika 40 kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ukijumlisha mapumziko, faulo na muda wa kocha kuita wachezaji, huchukua karibu saa 1 na dakika 45. Jua la Mwanza huzama karibu na saa 1 jioni, na halibadiliki sana mwaka mzima. Kwa uwanja usio na taa, mechi ya mwisho ianze saa 10:30 jioni, na ya kwanza, kama zipo mbili, saa 8:30 mchana. Mechi ya Jumapili ndiyo inayobana zaidi. Asubuhi kuna ibada, mchana kuna jua kali, na jioni mgeni anataka kurudi kwa kuwa Jumatatu baadhi ya wachezaji wana kazi nyingine hata kama ligi inaitwa ya kulipwa. Musoma hadi Mwanza ni kilomita 220 hivi, na kwa kuwa mwendo wa juu wa basi ni kilomita 80 kwa saa na vijijini ni 50, usitegemee chini ya saa tatu na nusu. Timu iliyomaliza kucheza saa 10:30 jioni haitafika nyumbani kabla ya saa 2 usiku. Kipande cha Lamadi na lango la Ndabaka kinapakana na Hifadhi ya Serengeti, na wanyama huvuka barabara bila kuuliza ratiba. Dereva asikimbizwe hapo usiku.

Andika bajeti kwa lita, vitanda na sahani

EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, na bei ya Mwanza huwa juu kuliko ya Dar es Salaam kwa sababu mafuta yanasafirishwa kutoka bandarini. Kwa hiyo bajeti iliyoandikwa kwa shilingi mwezi Januari huwa si kweli tena ifikapo Aprili. Andika kiasi, kisha uzidishe kwa bei ya mwezi husika. Tuseme Coaster inakwenda kilomita 6 kwa lita moja ya dizeli. Mwanza hadi Musoma na kurudi ni kilomita 440. Ongeza 60 za mizunguko ya mjini, upate 500, yaani lita 85 ukikadiria kwa juu. Msafara wa watu 16, wakiwamo wachezaji 12, makocha wawili, meneja na tabibu, kwa usiku mmoja unahitaji vyumba 8 vya vitanda viwili. Chakula, kuanzia mlo wa Jumamosi mchana hadi wa Jumapili jioni, ni milo 5, sawa na sahani 80. Ukishakuwa na namba hizo tatu, 85, 8 na 80, kiongozi yeyote wa klabu anaweza kukokotoa gharama ya safari hiyo kwa dakika mbili, na hakuna anayeweza kumdanganya.

Katika kukodi gari, kubaliana kwa maandishi kuhusu nani analipia mafuta, chakula na malazi ya dereva, na usiku wa ziada ukitokea. Mzozo wa saa 4 usiku barabarani kuhusu nani analipia dizeli haumnufaishi mtu. Timu mbili za Mwanza zinaweza kukodi gari moja, likaishusha timu ya kwanza Bunda na kuendelea na ya pili hadi Musoma, ingawa watu 32 hawatatosha kwenye Coaster moja na itabidi utafute basi kubwa kidogo. Wapinzani wa jiji moja kusafiri pamoja kuna kelele zake, lakini kelele hazina risiti. Wachezaji warefu wasiwekwe kwenye vile viti vya kukunja vya katikati. Mtu wa futi sita na nusu aliyekunjwa kwa saa nne hawezi kuruka.

Kuhusu chakula, kuzungumza na mama lishe mmoja kwa sahani zote ni nafuu kuliko kumpa kila mchezaji fedha mkononi, na pia kunamhakikishia kocha kwamba wamekula. Wali na sato saa tatu kabla ya mechi unatosha. Wapo wachezaji watakaopendelea posho taslimu ili wabakize kidogo, na mkataba useme wazi kabla msimu haujaanza.

Waamuzi na kamisaa, yaani msimamizi wa mechi, wasisahaulike. Gharama zao ni za ligi, na si za timu mwenyeji, maana mwamuzi aliyelazwa na kulishwa na mwenyeji hata akichezesha kwa haki hataaminiwa. Kwa mpango wa jozi, kundi moja la waamuzi linaweza kuifuata njia nzima ya mwisho wa wiki.

Mfuko wa pamoja wa safari

Ligi isiyogawana gharama humwadhibu anayeishi mbali. Tazama timu nne zilizo kwenye barabara moja, Musoma, Mwanza, Geita na Bukoba, kila moja ikizitembelea nyingine mara moja moja kwa gari. Kwa makadirio ya kilomita 220 Musoma hadi Mwanza, 120 Mwanza hadi Geita na 300 Geita hadi Bukoba, timu ya Mwanza itatembea kilomita 1,520, Geita 1,520, Musoma 2,400 na Bukoba 2,720. Jumla ni 8,160, na wastani ni 2,040. Mwanza na Geita, zilizo chini ya wastani, kila moja inachangia thamani ya kilomita 520. Musoma inarudishiwa 360 na Bukoba 680. Klabu za mjini zitanung'unika. Zijibiwe kwamba Bukoba ikijitoa katikati ya msimu, nazo zitapoteza mechi ya nyumbani na viingilio vyake. Michango hiyo ikusanywe kabla ya mzunguko wa kwanza, kwa sababu deni la klabu iliyokwisha kushuka msimamo halilipwi.

Kuchelewa, mvua na viporo

Kanuni za FIBA ziko wazi: timu isiyokuwapo, au isiyo na wachezaji watano tayari kucheza, dakika 15 baada ya muda uliopangwa, hupoteza mechi kwa 20–0 na haipati alama yoyote, ilhali timu iliyocheza ikafungwa hupata alama 1. Kanuni hiyo ni nzuri kwa miji yenye treni za dakika. Kwa barabara zetu, ligi iweke kifungu chake: timu iliyotoa taarifa kwa kamisaa mapema kwamba gari limeharibika, na ikathibitisha ilipo, isubiriwe kwa muda usiozidi saa mbili, na ikishindikana mechi ichezwe asubuhi inayofuata. Asiyetoa taarifa apewe hukumu ya mezani bila huruma.

Mechi iliyokatishwa na mvua iendelee pale ilipoishia, kwa matokeo na muda uleule, asubuhi inayofuata kabla mgeni hajaondoka. Kuianza upya siku nyingine ni safari nyingine. Kwa sababu hiyo, kila mwisho wa wiki uwe na nafasi ya Jumatatu asubuhi kwenye ratiba, hata kama haitatumika. Ratiba isiyo na nafasi hizo huzaa viporo, yaani mechi zilizoahirishwa, na viporo vikishafika vitano mwishoni mwa msimu, timu moja itajikuta inasafiri Jumanne na Alhamisi kwa nauli ambayo hakuna aliyeitengea bajeti.

Mechi za kuvuka mpaka

Klabu ikialikwa Kisumu kwa kupitia Sirari, au Kampala kwa kupitia Mutukula, pasi za kusafiria za wachezaji wote zikaguliwe mwezi mmoja kabla, ili atakayegundulika pasi yake imekwisha muda apate nafasi ya kushughulikia. Msafara utahitaji kadi mbili za njano: ya chanjo ya homa ya manjano kwa watu, na ya bima ya COMESA kwa gari. Hakikisha meneja anajua kuwa ni vitu viwili tofauti. Mkienda Kigali, saa za Rwanda ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, na barua ya mwaliko itakayosema mechi ni "saa 12" inaweza kumaanisha mchana au jioni, kutegemea aliyeiandika anahesabu saa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Jibu barua hiyo kwa kuandika saa zote mbili, na usilipie gari kabla mwenyeji hajathibitisha kwa maandishi.